Msiba wa Somo Yangu Thanasis

Nimeaibika kwa mengi katika jiji hili la Brussels (wakati mmoja nilimpa mkono mkaguzi wa tiketi kwenye metro nikidhani ananisalimia, kumbe mwenzangu anataka tiketi), lakini hakuna aibu inayonichoma masikio mpaka leo kama ya Jumamosi ile ya Januari, nilipopanda ngazi mpaka ghorofa ya tano nimevaa suti nyeusi, mikononi nimebeba picha ya marehemu yenye utepe mweusi pembeni, nyuma yangu watu kama thelathini wanaimba na kulia, na aliyekuja mlangoni kutupokea akawa marehemu mwenyewe.

Naomba mnicheke taratibu. Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu kabla ya kuja huku nilikuwa mwandishi wa gazeti dogo pale Morogoro, na hata huku nilitembea na daftari mfukoni, nikiandika nani kaingia, nani katoka, saa ngapi. Daftari hilo ndilo lililoniponza.

Naitwa Athanas. Nilipewa jina hilo kwenye ubatizo na sikuwahi kulifikiria hata siku moja, kwetu lilikuwa jina la padri, la mwalimu wa hesabu na la fundi cherehani, basi. Naishi Anderlecht, kwenye yale majengo marefu ya manispaa, ghorofa ya nne, na nafua mashuka katika hospitali moja kubwa kule Jette. Miaka mitatu iliyopita mtu wa posta alitia barua ya mtu mwingine kwenye sanduku langu, juu yake imeandikwa Athanasios, nikapanda ghorofa moja kuipeleka. Akafungua mzee mfupi, nyusi nene kama miswaki. Nikaanza Kifaransa changu cha kuungaunga, kwamba naitwa Athanas, natoka Tanzania, posta imekosea. Yule mzee akaiangalia barua, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa Kiswahili:

"Athanas wa Tanzania? Donc weye ni majina yangu! Ingia. Maria! Kuya uone, majina yangu iko ku mulango!"

Kumbe mzee Thanasis (ndivyo Wagiriki wanavyolifupisha Athanasios) alizaliwa Kasenga, Katanga, kule Kongo, baba yake akiwa na duka huko, na yeye mwenyewe alioka mikate Lubumbashi miaka mingi kabla ya kuhamia Ubelgiji na mkewe Maria. "Majina" kwao ni yule mnayeitwa jina moja, sisi tunasema somo. Wakongomani wa jengo letu walikuwa wakimwita Papa Tanasi.

Tangu hapo ikawa kila nikitoka kazini asubuhi napita kwake kunywa kahawa, Maria akitupitishia biskuti, na mzee akinifundisha jina langu mwenyewe kana kwamba ni nyumba niliyoishi miaka arobaini bila kufungua madirisha.

"Angalia," alikuwa akisema, akichora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. "A ni hapana. Thanatos ni lufu." (Donc ni "kwa hiyo" kwa Kifaransa, na lufu ni kifo kwa Kiswahili chao.) "Donc Athanasios ni muntu mwenye hatakufa. Njo jina ya nkambo, baba ya baba yangu. Kwetu mutoto mwanaume wa kwanza anakamataka jina ya nkambo, juu jina isipotee."

Halafu akanifundisha kwamba jina la mwanamume wa Kigiriki halikai mahali pamoja. Kwetu Athanas ni Athanas, kinachobadilika ni kitenzi, lakini kwao jina lenyewe ndilo linalovaa na kuvua. Akifanya jambo yeye mwenyewe, anakula, analala, anakataa dawa, jina lina s mwishoni: Thanasis. Ukimwona, s inaondoka. Kitu kikiwa chake, s inaondoka. Na ukimwita, s inaondoka pia: "Thanasi!"

"Na akifa?" nikamuuliza siku moja kwa utani.

"Akifa, s inabakia. Kufa unafanya weye mwenyewe, haiko muntu wa kukufanyia." Akacheka sana, na Maria akampiga na kitambaa cha vyombo.

Maria akafariki Januari ya mwaka uliofuata. Arobaini yake tuliifanya pamoja (wao nao wana arobaini, jambo lililonigusa), na nilionja kwa mara ya kwanza ile ngano yao ya kuwakumbuka marehemu: ngano nzima iliyochemshwa, ikakaushwa juu ya kitambaa, ikachanganywa na zabibu kavu na punje za komamanga, juu yake sukari nyeupe ya unga na msalaba wa lozi. Baada ya hapo mzee alinyamaza, na kahawa yetu ya asubuhi ikakoma. Siku moja akaniambia neno ambalo nililiandika kwenye daftari nikalizungushia mstari: "Tangu Maria alikufa, niko na s siku yote." Daktari, benki, manispaa, wote walizungumza juu yake tu, au walimwita monsieur, yaani bwana. Aliyekuwa akimwita jina lake kutoka jikoni hakuwepo tena.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Mzee ana binti mmoja, Eleni, anaishi Ghent. Eleni alitaka baba yake ahamie makazi ya wazee yaliyo karibu naye. Desemba mzee alinieleza haya tukiwa tumesimama kwenye lifti, mimi nikiwahi kazini.

"Asema, papa, ukifa humu ndani nani atajua? Mi nikamuambia iko bantu. Asema, bantu gani? Bon. Tumepatana: siku ya jina yangu ataona nani anakuya. Bakikuya, nabakia. Basipokuya, nafunga mizigo."

Mtu mwenye akili angeuliza siku ya jina ni lini. Mimi nilisema, "Usiogope mzee, sisi tupo," mlango wa lifti ukafunguka, nikakimbilia metro. Na aibu inazidi, kwa sababu nilishaambiwa. Tarehe kumi na nane Januari ni sikukuu ya Mtakatifu Athanasios, siku ya jina lake na la kwangu, na desturi yao ni kwamba mwenye jina hamwaliki mtu, anaacha mlango wazi, anapanga vitamutamu mezani, na anayemkumbuka anapanda mwenyewe. Maria alinieleza yote hayo mwaka wa kwanza. Nilisahau kabisa.

Basi, ushahidi wangu, kama ulivyo kwenye daftari.

Jumatano, saa nne asubuhi: gari la wagonjwa mbele ya jengo. (Nilikuja kujua baadaye ni la jirani wa chini aliyeteguka kifundo.) Jumatano jioni: mapazia ya mbao ya mzee yameshushwa. Alhamisi na Ijumaa: hakuna ndara. Mimi nakaa chini yake kabisa, na kila asubuhi nasikia ndara zake zikienda jikoni na kurudi, shwa, shwa, shwa, na siku mbili nzima dari langu lilikuwa kimya. (Eleni alikuwa amempeleka Ghent kuyaona yale makazi. Alimrudisha Ijumaa jioni, mimi niko Jette na mashuka yangu.)

Jumamosi asubuhi nikakutana na Eleni kwenye lifti. Koti jeusi, skafu nyeusi, macho mekundu, na mikononi sinia la ile ngano. Ile ile.

Nikamwambia kwa Kifaransa, "Pole sana, Eleni. Jikaze."

"Asante," akasema, na machozi yakamtoka. "Kesho ndiyo kanisani, saa nne. Utakuja?"

Yeye alidhani nakumbuka kwamba Jumapili ile ni misa ya mwaka mmoja wa mama yake. Mimi nilijumlisha: gari la wagonjwa, mapazia, ndara, nguo nyeusi, ngano, kanisa. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, akaingia, akafunga. Nikabaki nimeinua mkono kubisha.

Huu ndio uamuzi mdogo ulioleta yote. Mkono ulikuwa juu. Ningebisha, yote yangeishia pale. Lakini nikawaza: kwetu mtu haendi msibani peke yake, mikono mitupu, na nguo za kufulia. Unaenda na watu. Nikaushusha mkono, nikateremka ghorofani kwangu, nikafungua kundi la majirani kwenye simu, nikaandika tanzia. Na kwa kuwa niliwahi kuwa mwandishi, niliiandika vizuri.

Hazikupita dakika mbili Maman Béa akapiga simu. Huyu ni mama wa Lubumbashi, anasuka nywele ghorofa ya pili, na jambo lolote la jengo letu lisipopitia kwake halijafanyika.

"Papa Athanas, ni kweli? Papa Tanasi? Ulimuona na macho?"

"Mama, nina daftari," nikajibu. (Ndiyo, hivyo hivyo nilivyojibu. Narudia ili mnicheke mara moja tuyamalize.)

Akaangua kilio, nikakisikia mara mbili, kwenye simu na kwenye ngazi.

Si ningeishia hapo? Sikuishia. Nilikwenda kwenye duka la kuchapisha picha, nikakuza ile niliyompiga kwenye soko la Flagey akionja zeituni, nikanunua fremu, nikanunua utepe. Saa tisa nilikuta ukumbi wa chini umejaa: akina mama wamefunga vitenge, sufuria la wali, chupa za chai, beseni la maandazi, na Tonton Faustin, Mrundi wa Bujumbura, amebeba viti sita vya plastiki kichwani. Nikaandika majina yote na namba za ghorofa. Lifti inachukua watu wanne, kwa hiyo tukapanda kwa ngazi, na Maman Béa akaanzisha wimbo.

Mlango wa mzee ulikuwa wazi. Nikasema moyoni, naam, wanajua watu watakuja. Meza imepangwa: vipande vya halua, biskuti zenye sukari, vigilasi vidogo. Na kutoka sebuleni akatokea Thanasis, amenyolewa, suti mpya, uso umefunguka kama taa, mikono ameitandaza, kwa sababu alisikia watu wakipanda wanaimba na akajua wageni wa jina lake wamefika.

Kisha akaona machozi. Mikono ikashuka.

"Juu ya nini munalia? Nani alikufa?"

Maman Béa alikuwa mbele, mdomo wazi, chozi limesimama shavuni. Akajibu kwa sauti ya mtoto:

"Ni weye, papa."

Wote kimya, isipokuwa Tonton Faustin, ambaye alikuwa bado ghorofa ya nne na viti vyake, haoni kitu, anaendelea na ubeti wa tatu kwa sauti nzito. Mzee akageuza macho, akaona picha mikononi mwangu. Nilijaribu kuigeuza ielekee kifuani kwangu, lakini utepe ulikuwa umenasa kwenye kifungo cha koti.

Mmoja wa akina mama wa nyuma, aliyechelewa kuelewa, akapiga ukunga wa mwisho. Eleni akausikia akiwa jikoni, akadhani baba yake ameanguka, akatoka mbio na sinia, sinia likagonga mwimo wa mlango, na ngano yote, na lozi, na sukari, ikamwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vyetu.

Hapo hakuna aliyecheka. Eleni akapiga magoti. Akawa anaikusanya kwa viganja, ngano na vumbi, akisema taratibu kwa Kifaransa, "Ngano ya mama. Ngano ya mama." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipika peke yake, kwa kufuata maandishi ya mama yake kwenye karatasi yenye madoa ya mafuta. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini chini ya ile sakafu kulikuwa kwangu tu.

"Nani alisema mi nilikufa?" mzee akauliza.

Hakuna aliyenitaja. Waligeuka tu, wote. Maman Béa akampa simu yake, mzee akavaa miwani, akaisoma tanzia yangu kwa sauti, polepole, kama mtu anayekagua mkate kabla ya kuutoa kwenye tanuri: "'Kwa majonzi tunawatangazia kuwa jirani yetu mpendwa Thanasis wa ghorofa ya tano amefariki. Alizaliwa Kasenga, alioka mikate Lubumbashi. Jina lake Athanasios ni la Kigiriki, maana yake asiyekufa. Alimpenda mkewe Maria. Wanaume waje na viti.'"

Akavua miwani, akanitazama.

"Umeandika muzuri, majina. Na s umeweka, kama vile nilikufundisha." Akamrudishia Maman Béa simu. "Ila sijafanya."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa, na alipokaa nikaona analia. Akamwambia Eleni jambo kwa Kigiriki, refu, ameushika mkono wake wenye ngano. Kisha akatutafsiria sisi:

"Nimemuambia, ulisema nikifa humu hakuna muntu atajua. Angalia. Bamejua hata mbele sijafa."

Maman Béa akamwinua Eleni, akampangusa magoti kwa ncha ya kitenge. "Bon. Kulia tumelia, sasa tufanye kazi. Hiyo ngano, munachemsha namna gani? Nionyeshe karatasi ya maman yako. Na weye, Papa Daftari, unasimama nini? Enda tafuta ngano!"

Nikateremka mbio na suti yangu ya msiba mpaka kwa muuza nafaka wa Kimoroko mtaa wa pili, nikapata mfuko wa mwisho. Nilivyorudi jiko lilikuwa limejaa. Mama mmoja anapukuchua komamanga, mwingine anakaanga ufuta, Eleni katikati anasoma ile karatasi na Maman Béa anabisha kuhusu maji. Tatizo likawa kukausha, kwani ngano hutakiwa ilale juu ya kitambaa usiku kucha, na Eleni akaanza kukata tamaa, ndipo Maman Béa alipomtuma Tonton Faustin ashuke kwake ghorofa ya pili, ikaja mashine yake ya kukaushia nywele, na ngano ya Maria ikakaushwa kama kichwa cha bibi harusi. Eleni akacheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Wakati huo sebuleni viti vyote vilikaliwa, wali wa msiba ukaliwa na halua ya jina, na mzee akazunguka na vigilasi, akimlazimisha kila mmoja amtakie maisha marefu (ukizingatia tulichomjia, tulimtakia kwa bidii). Picha akaining'iniza ukutani kando ya ile ya Maria. Utepe aliuacha. "Nitatumia mbele," alisema.

Jioni, watu wakiondoka, Eleni aliniomba daftari. Nikampa nikidhani atalitupa. Akasoma ule ukurasa, jina kwa jina, na namba za ghorofa pembeni, akitembeza kidole. Alipofika mwisho akarudi juu akasoma tena.

"Wote hawa wanaishi humu humu?"

"Humu humu."

Jumapili akina mama walijaza benchi mbili nzima kwenye ile misa ya Maria, na ngano ilikuwa nzuri. Baada ya misa Eleni akanivuta pembeni na kuniweka kitu mkononi, ufunguo.

"Baba anabaki," akasema. "Ila wewe, siku nyingine, kabla hujanunua utepe, fungua mlango uangalie."

Basi nimekula kiapo, na nyinyi ni mashahidi: sitatangaza kifo cha mtu yeyote, hata cha kuku, kabla sijabisha hodi mara tatu. Na kila asubuhi nikitoka Jette, sipiti kwangu kwanza. Napanda ghorofa ya tano. Ufunguo uko mfukoni, pale lilipokuwa daftari, lakini sijawahi kuutumia. Nabisha, halafu naita kama Maria alivyokuwa akiita kutoka jikoni, bila s:

"Thanasi!"

Nasubiri. Nazisikia ndara, shwa, shwa, shwa, na kutoka ndani sauti inanijibu, s yake ndefu mpaka kwenye ngazi:

"Thanasis iko!"